Uso wa Chipua

Mkono ule bado uko shavuni, msomaji. Hatujauondoa tangu tulipoagana mwishoni mwa sehemu iliyopita.

Ni mkono wa Mpigapicha. Shavu ni la Kidosho, shemeji yake. Na anayetazama kutoka mlangoni, mfuko wa vifuniko vya chupa ukimning'inia mkononi, ni Msusi: mke wa mwenye mkono, dada wa mwenye shavu.

Chumba chenyewe ni chumba chake cha kulala. Shuka lake la harusi limepigiliwa ukutani kwa misumari ili liwe pazia la studio. Taa ya mezani imefungwa juu ya kabati kwa mkanda wa suruali. Godoro limeegemezwa dirishani kuzuia jua. Na katikati, juu ya stuli ya saluni, ameketi mdogo wake na nywele zake zimemwagika mabegani kama maji.

"Endeleeni," alisema Msusi. "Msiache kwa ajili yangu."

Mpigapicha aliuondoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto.

"Mke wangu. Umerudi mapema."

"Ulitaka nirudi saa ngapi ili nisiwakute?"

"Dada, ngoja nikwambie..."

"Wewe nyamaza. Nazungumza na mume wangu. Au siku hizi nikitaka kuzungumza naye nianzie kwako?"

Kidosho aliinua uso. Machozi yalikuwa yamemteremka yakachora mistari miwili kwenye poda.

"Alikuwa analia," Mpigapicha alieleza. "Nilikuwa namfuta. Poda yenyewe ndiyo hiyo hiyo, ikiharibika hatuna nyingine."

"Unamfuta kwa kiganja?"

"Kwa kitambaa."

"Kiko wapi?"

Kitambaa kilikuwa sakafuni. Kilianguka mlango ulipofunguliwa, au kilikuwa pale tangu mwanzo? Msusi alikitazama mpaka macho yakamuuma, na kitambaa hakikumjibu.

"Haya," akamgeukia mdogo wake. "Unalia nini? Nani kakupiga?"

"Nalia kwa sababu yako, dada."

"Mimi?"

"Nywele hizi sijawahi kuzipaka mafuta yako hata tone. Unajua hivyo, nami najua. Nikitabasamu hapa najiona mwongo. Halafu wewe ukipita unanitazama kama nimeingia kwako kuiba. Nimemwomba shemeji anitoe. Tafuteni mtu mwingine."

Mwanamke mwingine angemkumbatia mdogo wake pale pale. Msusi alisikia kila neno, wala hakuamini hata moja.

Usimlaumu haraka, msomaji. Mafuta yale ameyapika yeye. Alianza kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu nywele zake za mbele zilinyofoka angali msichana, kwa kusukwa na mikono isiyo na huruma. Alichemsha, akachuja, akajipaka, akaharibu, akaanza upya, kwenye jiko la gesi lililo nyuma ya saluni. Nywele zikarudi. Hazikurudi zote, lakini zilirudi. Wateja wakaona, wakaomba. Ndipo mafuta yakapata chupa, na chupa ikapata jina: Chipua.

Jumamosi ndiyo siku ya kuyatambulisha kwa watu. Mtaji wote umeishia kwenye chupa na lebo. Kwa hiyo studio ni chumba cha kulala, mpigapicha ni mume, na uso wa kuweka kwenye bango ni wa mdogo mtu, anayeuza vitambaa dukani na aliyezaliwa na nywele za kumtosha yeye na jirani.

Mafuta ni ya mmoja, na sifa zinakwenda kwa mwingine. Jaribu kulimeza hilo uone kama linapita kooni.

"Hakuna kutoka," alisema Msusi kwa sauti kavu. "Futa machozi. Kwa kitambaa. Na mlango ubaki wazi."

*

Shangazi aliingia bila kubisha. Ndiye aliyetoa mtaji, na tangu autoe hajaacha kutoa maoni pia. Mwanamke wa miraba minne, kilemba chake kimekaa kichwani kama taji. Hakuna katika ukoo aliyewahi kumwona bila kilemba hicho.

"Leta nione," aliamuru.

Mpigapicha akamwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Shangazi alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akapiga makofi.

"Jamani! Huyu atauza hata maji ya mvua wakati wa masika! Tazameni shingo hiyo. Tazameni hayo macho, utadhani anakuita jina."

"Mafuta hayapakwi machoni, shangazi," alisema Msusi.

"Wewe kazi yako jikoni, mwanangu. Kaa nyuma upike. Huyu mtoto tumweke mbele. Bango moja, uso mmoja, kila ukuta. Hatuna cha kuchezea, basi tutumie kile Mungu alichotupa bure."

Kidosho aliinamisha kichwa. Mpigapicha alitabasamu kidogo, tabasamu la fundi aliyesifiwa kazi yake. Msusi aliliona, akaliweka moyoni pamoja na kitambaa.

"Kamera lazima irudi kwa mwenyewe mchana huu," Mpigapicha alisema. "Ana harusi nje ya mji. Nipite kwa mchapaji kwanza, nimwachie picha, halafu..."

"Nitapeleka mimi," Msusi alidakia.

"Wewe?"

"Mafuta si yangu? Au na kupeleka picha kunahitaji shingo nzuri?"

Hakuna aliyepinga. Akaivaa kamera shingoni, akatoka.

Nje ya duka la mchapaji palikuwa na benchi. Msusi aliketi, kwa dakika moja tu, alijiambia. Atazame. Si haki yake kutazama?

Akafungua ya kwanza. Kidosho akicheka. Ya pili, Kidosho ameshika chupa karibu na shavu. Ya tatu, Kidosho ametulia, midomo imeachana kidogo, macho yamemwelekea mtu.

Mtu gani? Kamera haina mtu. Mtu yuko nyuma ya kamera.

Msusi alihisi kaa la moto likimwangukia kifuani. Miaka yote ya ndoa, mumewe amempiga picha mara ngapi? Akiwa na mtoto wa jirani, akiwa amefumba macho, akiwa nusu tu, nusu nyingine imekatika. Hakuna hata moja inayong'aa hivi. Mkono unaopiga ni ule ule. Basi kilichobadilika ni nini?

Alibonyeza kitufe cha kufuta.

Kamera ikamuuliza kama ana hakika. Ni kamera peke yake iliyomuuliza siku ile.

Akabonyeza tena. Na tena. Alipomaliza, kioo kilikuwa cheusi, nao uso uliojitokeza ndani yake ulikuwa wake mwenyewe.

*

"Zimefutika," alisema aliporudi. "Sijui nimebonyeza wapi."

"Zote?" Mpigapicha aliuliza.

"Zote."

"Na kamera?"

"Nimemrudishia mwenyewe. Keshaondoka."

Mpigapicha alimtazama mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama picha kabla ya kuipiga, akitafuta mwanga unatokea wapi. Kisha akasema, "Sawa," akaanza kung'oa misumari ukutani.

Ile "sawa" ilimuuma Msusi kuliko matusi. Alijiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na majibu yake yamepangwa mdomoni, na hakuulizwa.

"Nipige mimi," alisema ghafla.

"Wewe?"

"Kwa simu. Mafuta ni yangu, uso uwe wangu."

Alijifunga shuka kifuani, akaketi kwenye stuli, akashika chupa karibu na shavu. Mpigapicha alisogea, akarudi nyuma, akainama.

"Legeza mabega."

"Yamelegea."

"Basi tabasamu."

"Ninatabasamu!"

"Mke wangu, unauma meno."

"Kidosho ulimwambiaje akatabasamu?"

Mpigapicha alishusha simu. "Sikumwambia kitu. Alikuwa anakuwaza wewe."

"Usinichezee akili."

Shangazi alipoletewa picha zile aliziangalia kwa simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mwanangu," alisema polepole. "Hapa tunatangaza mafuta au tunatangaza msiba?"

Msusi aliingia jikoni, akafungua gesi, akasimama mbele ya jiko bila sufuria.

Mchapaji naye hakusubiri. Zamu yao ilipita, akaanza kazi ya mtu mwingine. Bango likafa. Kilichobaki ni maboksi ya chupa yaliyopasuliwa yakawa makaratasi magumu, rangi iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka mlango wa saluni, na kipaza sauti cha kuazima kwa muuza magodoro. Shangazi aliandika kwa mkono wake: CHIPUA. MAFUTA YA NYWELE. NJOONI. Herufi za mwanzo zilikuwa nene na za mwisho zikabanana kwa kukosa nafasi, hata NJOONI ikasomeka kama mtu anayekabwa.

"Na sauti je?" Shangazi alikumbuka. "Lazima kipaza sauti kiwe na tangazo la kurudia rudia. Hatuwezi kupayuka kutwa nzima."

Mpigapicha alikuwa na jibu. Kurekodi ndani ya kabati la nguo: makoti na magauni humeza mwangwi, sauti inatoka safi. Basi mume na mke wakajibanza kabatini, bega kwa bega, simu katikati yao, mlango umefungwa. Giza, ila mwanga wa simu. Harufu ya sabuni na ya mumewe. Tangu asubuhi ya jana hawakuwa wamekaribiana hivyo, na Msusi akahisi moyo unaanza kumlegea.

"Soma taratibu," Mpigapicha alinong'ona. "Kwenye 'nywele zako' shusha sauti kidogo. Kidosho alipafanya vizuri sana hapo."

Msusi aligeuza kichwa.

"Kidosho alisoma lini?"

"Juzi. Tulijaribu mara moja, kuona kama..."

"Humu?"

"Kwani kuna kabati lingine?"

"Ulimwingiza humu? Ukafunga mlango?"

"Mwangwi, mke wangu! Ni kwa sababu ya mwangwi!"

Aliyekuwa sebuleni, yaani Shangazi, aliona mlango wa kabati ukifunguka kwa kishindo, na Msusi akitoka na gauni moja limemning'inia begani. Tangazo la sauti halikurekodiwa.

*

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa kali na barabara mbele ya saluni ilijaa watu wanaokwenda zao.

Meza ilitandikwa vizuri. Chupa zilipangwa ghorofa juu ya ghorofa. Msusi alivaa gauni lake la kijani, akajifunga nywele nyuma kuficha palipopungua, akashika kipaza sauti.

"Karibuni! Karibuni tuwatambulishe mafuta mapya ya nywele!"

Mama mmoja alisimama. Msusi akachangamka.

"Eti dada, hapa ndipo wanapouza magodoro?"

Kipaza sauti kilikuwa na picha ya godoro ubavuni. Mpigapicha aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Shangazi alijipepea kwa kipande cha boksi na kusema kila baada ya muda, "Ingekuwa lile bango. Ingekuwa lile bango."

"Mdogo wako yuko wapi?" akauliza mwishowe.

"Sijui. Simu hapokei tangu jana."

Alisema hivyo kwa utulivu, na ndani alikuwa akiomba asije. Asije kabisa. Hata meza isiuze chupa moja, basi ishindwe ikiwa yake.

Akaja.

Alitokea upande wa maduka ya vitambaa, amejitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Hakumsalimu mtu. Alipita katikati ya meza na ukuta, akamnyang'anya dada yake kipaza sauti kwa upole, akapanda juu ya boksi.

"Wengi mnanijua," alisema. "Mnakuja dukani kwangu, mnanishika nywele mnaniuliza natumia nini. Leo nawajibu."

Akautoa mtandio.

Barabara nzima ilivuta pumzi.

Kichwa kilikuwa kipara. Kimenyolewa kwa wembe, kinang'aa juani, mviringo na uchi kama cha mtoto mchanga. Shangazi aliachia kile kipande cha boksi. Mpigapicha alianza kupapasa mfuko akitafuta simu.

"Zile nywele nilizaliwa nazo," Kidosho aliendelea. "Hazikuwa na mafuta ya dada yangu hata tone. Walitaka niwe kwenye bango, nikakataa kuwadanganya. Basi nimenyoa. Leo naanza sifuri, pamoja na yeyote mwenye tatizo la nywele. Kila Jumamosi nitasimama hapa hapa. Njooni mnishike kichwa. Zikiota, mmeona kwa macho yenu. Zisipoota, nirushieni chupa."

Mtu alicheka. Mtu akapiga kigelegele. Kisha kila aliyekuwa anakwenda zake akageuka. Wanawake walisogea, mmoja akanyoosha mkono akagusa kile kichwa, mwingine akauliza bei, wa tatu akamvuta mwenzake. Muuza magodoro aliacha duka lake akaja. Wenye simu walizitoa.

"Mungu wangu!" Shangazi alikuwa analia na kucheka. "Wangetuletea kampuni kubwa ya matangazo wasingewaza hivi! Bango ni karatasi tu. Hili ni bango linalotembea!"

Msusi alisimama nyuma ya meza yake mwenyewe. Chupa zilikuwa zinaondoka. Jina alilolichagua yeye lilikuwa linatamkwa na vinywa asivyovijua: Chipua, nipe Chipua, Chipua mbili. Hii ndiyo siku aliyoiota. Alipaswa kuruka kwa furaha.

Lakini hakuna aliyemtazama. Walipokea chupa mkononi mwake huku macho yao yako kwa yule juu ya boksi.

Hata bila nywele, Msusi aliwaza. Nimemfutia picha, naye amekuja bila nywele, na bado ni yeye. Angekuja bila kichwa wangemshangilia shingo.

Na Mpigapicha? Ameinua simu, anarekodi. Tabasamu lile lile la fundi limerudi usoni.

"Shemeji," alisikika akisema, "wallahi umependeza zaidi hivi."

"Dada!" Kidosho aliita kupitia kipaza sauti, uso ukimng'aa. "Niletee chupa yangu ya kwanza. Nipakwe mbele ya watu!"

"Apakwe! Apakwe!" umati ukaitikia.

Msusi aliinama chini ya meza. Kitambaa cha meza kilimfunika kama pazia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa peke yake.

Palikuwa na maboksi mawili. La kulia lilikuwa na chupa za kuuza. La kushoto lilikuwa na chupa za kujazia meza tu, ionekane imeshiba, maana mafuta mazuri hayakutosha. Zile zilitoka kwenye sufuria iliyoungua. Kuzimwaga ilikuwa hasara, na kwa macho hakuna awezaye kuzitofautisha, ndiyo maana kila moja ilifungwa uzi mwekundu shingoni. Yeye na mumewe walizifunga pamoja, wakiambiana: hizi asiuziwe mtu. Msusi alikuwa amejaribu tone moja mkononi. Ngozi ilimwaka na vinyweleo vikatoka na malengelenge.

Alichukua chupa moja kulia. Akachukua moja kushoto.

Alijua anachokifanya, msomaji, tusimtetee. Alijua kwamba kichwa kile kikiungua mbele ya watu, Chipua imekufa. Alijua ni jiko lake, jina lake, miaka yake. Alijua kwamba mwenye kile kichwa ni mtoto aliyembeba mgongoni wakati mama yao akiwa kazini. Alijua yote hayo, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito kuliko wa kulia.

"Dada! Umepotelea wapi? Watu wanasubiri!"

Akakata uzi kwa meno. Akautema. Akasimama.

Umati ulimpisha. Alimpa Kidosho chupa bila kumtazama machoni. Kidosho alishuka kwenye boksi, akamkumbatia kwa nguvu, kichwa kile cha baridi kikamgusa shavuni.

"Nilidhani utanikasirikia," alinong'ona.

Kisha akapanda tena, akainua chupa juu ionwe na wote.

"Lakini mimi si wa kwanza!" alitangaza. "Kuna mtu aliyemwamini dada yangu kabla yetu sote. Shangazi, njoo!"

"Mimi?" Shangazi alishika kifua.

"Njoo! Mpigieni makofi!"

Walimpigia. Shangazi alisitasita, akacheka kama msichana, na halafu mikono yake minene ikapanda kichwani na kuanza kufungua kilemba. Mkunjo wa kwanza. Mkunjo wa pili. Chini yake zilitokea nywele nyeupe, laini, chache, ambazo ukoo mzima haukuwahi kuziona.

"Jaza kiganja, mwanangu," alisema akiinamisha kichwa. "Usinionee huruma."

Kidosho alifungua kifuniko.

Msusi alitaka kupiga kelele. Alipiga hatua moja, akasimama. Mafuta yalianza kuteremka kutoka kwenye chupa, mazito, ya dhahabu, yakametameta juani.

Na nyuma yake, pembeni ya meza, Mpigapicha alikuwa ameacha kurekodi. Alikuwa ameinama. Alipoinuka, katikati ya vidole vyake kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu, bado kimelowa mate.

"Mke wangu," alisema. "Huu umetoka kwenye chupa ipi?"